Chakula cha Bunduki Kiko Mbali: Kisa cha Shamba la Wanyama Pori Karibu na Lubumbashi

Majina, mahali hasa na miaka ya tukio vimeondolewa. Mwenye shamba ameusoma uchambuzi huu na kukubali usomwe na wengine, kwa kuwa anajua mashamba mengine yanayokwama palepale alipokwama yeye. Nilihusika tangu mwanzo kama mshauri, na moja ya makosa yatakayoelezwa hapa ni langu.

Usuli

Shamba liko mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Lubumbashi, ndani ya miombo. Mwenyewe ni mjane ambaye watu wote humwita Mama, nami nitamwita hivyo. Marehemu mumewe alianza na ng'ombe, akamaliza na pofu, palahala na swala pala walioletwa kwa malori kutoka kusini. Kuro na nguruwe mwitu walikuwepo tangu zamani. Nyati waliletwa mwisho. Msimamizi ni mtoto wa dada yake Mama. Anayelijua pori lile kuliko sisi sote ni mfuatilia nyayo mmoja aliyekuwepo tangu siku za ng'ombe, na huyo ni Mzee tu.

Kila kiangazi wanyama hupunguzwa. Uzio ukishajengwa, majani ya ndani ndiyo hayohayo, na mwezi wa tisa, kabla mvua haijarudi, hayatoshi. Madume ya ziada hupigwa na nyama huuzwa kwa kibali. Nguruwe mwitu nao hupigwa wakiingia katika mahindi ya majirani. Kazi hiyo iko chini ya sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982, na silaha zenyewe ziko chini ya sheria ya silaha na risasi ya 1985. Kwa maneno mengine, kila bunduki ina karatasi zake, na karatasi hizo hazipatikani kwa wiki moja.

Bunduki zilikuwa nne, na hakuna hata mbili zilizotumia risasi moja. Namba zitakazotajwa ni majina ya risasi: zenye "x" hutaja unene wa kichwa na urefu wa ganda kwa milimita, na zinazoanza na nukta hutaja unene kwa sehemu za inchi.

Ya kwanza ilikuwa Mauser ya zamani yenye chapa za Kijerumani, ya 8x60 S. Marehemu aliipata kwa Mbelgiji aliyeondoka wakati wa Zairianisation, yaani serikali ilipochukua mali za wageni, baada ya 1973. Risasi zake zilibaki 27, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ya pili ilikuwa .280 Remington, iliyokuja na mshirika Mfaransa aliyeweka mtaji kwa miaka michache kisha akarudi kwao. Ya tatu, 9.3x62, ilinunuliwa kwa mtu wa Namibia aliyesaidia kuleta pofu. Ya nne ilikuwa .375 H&H, iliyoletwa kihalali kutoka Zambia nyati walipofika.

Kila aliyeleta bunduki alikuwa ameapa kwamba risasi yake ni ya kawaida, inayopatikana popote. Kila mmoja alisema kweli, kwa nchi yake.

Kilichotokea

Mwezi wa nne hesabu ya wanyama ilionyesha kwamba wanyama kumi na wanne walipaswa kuondolewa, wengi wao madume ya swala pala, na pofu watatu. Msimamizi alipanga kutumia .280, kwa sababu ni nyepesi begani na vijana wa ulinzi waliizoea. Akafungua kabati. Risasi zilikuwa 11.

Aliwauliza wenye vibali mjini, kisha wale waliokuwa na njia halali ya kuagiza kupitia Kasumbalesa, kilomita zipatazo 90 kutoka Lubumbashi. Jibu lilikuwa moja: .308 ipo, .30-06 ipo, .375 ipo, 9.3 labda, .280 hapana. Mzee alilisema kwa Kiswahili chetu cha huku: "Mama, bunduki iko muzuri, lakini chakula yake iko mbali."

Mwezi wa sita, mtu mmoja aliyefahamika kwa msimamizi alisema amepata "7 mm" kwa Mfaransa mwingine aliyekuwa anafunga nyumba. Kwa kuwa .280 hutumia kichwa cha milimita 7.2, maelezo yalionekana sawa. Boksi mbili zikafika shambani. Rangi ileile, umbo lilelile, urefu uleule kwa macho.

Mzee ndiye aliyezikataa. Hasomi Kifaransa wala Kiingereza, lakini ana mazoea ya kuigeuza kila risasi na kutazama kitako cha ganda, kisha kulinganisha maandishi na yale ya ganda lililokwisha kupigwa na bunduki hiyohiyo. Maandishi hayakufanana. Zilikuwa 7x64. Ganda la 7x64 lina urefu wa milimita 64, la .280 linazidi hapo kwa nusu milimita hivi, na unene wa kitako na mahali mabega ya ganda yanapoanzia hutofautiana kwa sehemu ndogo za milimita. Hazibadilishani. Ganda likikwama nusu mlango, au likiingia kwa kulazimishwa na boliti, kile chuma kinachosukuma risasi na kufunga nyuma ya mtutu, mpigaji ameweka uso wake karibu na shinikizo ambalo hakuna aliyelipima. Boksi zilirudishwa siku hiyohiyo.

Basi .280 ikawekwa kando, na ukafanyika uamuzi ambao hadi leo unamuuma msimamizi: kutumia ile Mauser ya marehemu kwa pofu wa kwanza. Risasi zilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye. Ya kwanza haikulia kabisa. Ya pili ililia kwa kuchelewa, fataki inayowasha baruti ikiwa imechoka, na mtutu ulikuwa umeshasogea. Pofu akapigwa nyuma ya mbavu, akaondoka. Pofu dume anaweza kuwa na kilo mia saba na zaidi, na akijeruhiwa vibaya anatembea mbali mno. Walimfuata siku mbili. Alimalizwa kwa .375, jioni ya siku ya pili. Nyama nyingi ilikuwa imeharibika, na mateso ya mnyama yule hakuna aliyetaka kuyazungumza njiani kurudi.

Siku iliyofuata Mama alisimamisha uwindaji wote na kunipigia simu.

Uamuzi, na sababu zake

Tulikaa chini ya mwembe: Mama, msimamizi, Mzee, vijana wawili wa ulinzi na mimi. Mama hakuuliza bunduki ipi ina nguvu. Aliuliza, "Kwa nini kila mtu aliona yake ni ya kawaida?" Swali hilo ndilo lililotutoa, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu kwenye uchambuzi.

Njia zilizokuwa mezani zilikuwa hizi. Kuendelea na bunduki nne na kutafuta risasi za kila moja: ilikataliwa mara moja, kwa kuwa vibali vinne vya risasi ni mizunguko minne ya ofisi. Kuhamia .308: nilidhani ingekubaliwa, maana ndiyo rahisi kupata kusini. Msimamizi alikataa kwa sababu ambayo sikuwa nimeipa uzito. Risasi ya .308 ni pacha wa 7.62x51 ya majeshi. Kwenye kizuizi cha barabarani, anayefungua boksi hataangalia karatasi kwanza, ataangalia risasi. Na katika nchi yenye vita upande wa mashariki, hakutaka kabatini mwake kuwe na kitu ambacho mtu mwenye bunduki ya jeshi angekitamani.

Palikuwa pia na .30-06. Nayo ilizaliwa jeshini Marekani mwaka 1906, na Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji, ilikuwa na bunduki za FN, kiwanda cha Ubelgiji, za kaliba hiyo miaka ya 1950, lakini majeshi yameshaiacha. Kijana mmoja wa ulinzi aliipendekeza. Mimi nikasema hapana, tupunguze, tusiongeze: zipo tayari bunduki mbili ambazo risasi zake hutoka kusini, 9.3x62 na .375. Tubaki na hizo mbili tu. Mama akakubali.

Hivyo .280 iliuzwa kwa njia halali kwa mtu mwenye njia yake ya Ulaya. Mauser ya marehemu Mama hakutaka itoke nyumbani; ilitolewa boliti na kuandikwa kama kumbukumbu isiyotumika. Risasi zote za zamani zilikabidhiwa ziharibiwe. Kisha likaombwa ongezo la risasi za kaliba mbili zilizobaki.

Matokeo

Karatasi zilichukua miezi saba. Msimu wa mwaka ule ulipotea, na majani yalikwisha kama ilivyohofiwa. Swala kadhaa walikufa kwa njaa kabla ya mvua. Hiyo ni gharama halisi ya kisa hiki na sitaki ifichwe na yaliyofuata.

Msimu uliofuata pofu, palahala mmoja mzee na nguruwe mwitu walipigwa kwa 9.3x62 bila hata mmoja kupotea. Hakukuwa tena na mkanganyiko kabatini: ganda la .375 ni refu, karibu milimita 72, na lina mshipi kwenye kitako, hata gizani kidole kinalitambua.

Kwa swala pala mambo yalikwenda vibaya. Risasi ya 9.3x62 ina kichwa cha gramu 18.5 kinachotoka kwa mita 720 hivi kwa sekunde. Kwa mnyama wa kilo hamsini hiyo ni kupasua tikiti kwa shoka. Teke lake nalo lilianza kuwatisha vijana. Mmoja alikuwa akifumba macho kabla ya kuvuta. Walikosa shabaha mara nyingi kuliko walivyokuwa wakikosa na .280.

Uchambuzi

Nianze na Ufaransa, kwa sababu bunduki ya mshirika yule ndiyo iliyoanzisha yote. Amri ya tarehe 18 Aprili 1939 iliziweka silaha za risasi za kijeshi katika fungu la peke yake, gumu kwa raia. Mwindaji Mfaransa hakuweza kwenda dukani akanunua kwa wepesi bunduki ya .30-06, .308 au 8x57 ya Mauser. Akageukia zile ambazo jeshi halikuzibeba: 7x64 aliyoibuni Wilhelm Brenneke mwaka 1917, 7 mm Remington Magnum, .300 Winchester Magnum, na .280 Remington. Masharti yalilegezwa Septemba 2013, na .30-06 na .308 zikaingia kwa wawindaji. Lakini miaka zaidi ya sabini inatosha kuwafanya baba, mwana na mjukuu waamini kwamba .280 ni risasi ya kila siku.

Kwao ilikozaliwa, Marekani, ilitoka mwaka 1957 ikakuta viti vimekaliwa: .30-06 upande mmoja, .270 ya 1925 upande wa pili. Mwaka 1979 kampuni ikaibadilisha jina kuwa 7mm Express, watu wakaichanganya na 7 mm Magnum, jina la zamani likarudishwa. Kwa hiyo si Mzee peke yake aliyewahi kusimama mbele ya neno "7 mm" na kulitilia shaka. Risasi iliyobaki pembeni kwao ikapata nyumba kwa wengine kwa sababu ya karatasi ya serikali. Na 7x64 zilizoletwa shambani zilitoka Ufaransa hiyohiyo: amri iliyoipa nafasi .280 ndiyo iliyoijaza 7x64 kwenye kabati za jirani.

Mauser ya marehemu ina historia inayofanana. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliibana Ujerumani kuhusu silaha na risasi za kijeshi. Mafundi wakachukua bunduki za 8x57, wakachimba chemba, pale risasi inapokaa, iwe ndefu zaidi kwa milimita tatu hivi, na bunduki ya jeshi ikawa ya kuwinda: 8x60 S. Zikaenda pia katika nchi ambazo raia alikatazwa risasi za majeshi. Ilikuwa risasi ya kukwepa sheria iliyokwisha kufa. Sheria ilipokufa, sababu ya kuitengeneza kwa wingi ikafa pia, na mwenye bunduki akabaki na kopo la maziwa.

Jambo hilohilo lilifanyika chini ya Waingereza. Mwaka 1907 walipiga marufuku kaliba .450 kule India na Sudani, wakihofia risasi zitumike katika Martini-Henry, bunduki za zamani za jeshi lao, zilizokuwa mikononi mwa waasi. Mafundi wa London hawakulia; wakatoa .465, .470 na .475. Leo .470 inasifiwa kana kwamba tembo ndiye aliyeichagua.

Upande wa pili wa sheria ni mabaki ya jeshi, na hapa mto unageuka. Pale raia alipoachiwa risasi ya jeshi, aliishika na hakuiacha. Sweden na Norwei zilichukua 6.5x55 mwaka 1894, vyama vya kulenga shabaha vikaisambaza, na hadi leo kulungu mkubwa wa kaskazini, moose, anawindwa nayo. Sheria ya Sweden ya wanyama wakubwa inadai kichwa cha gramu 9 chenye jouli (kipimo cha nguvu) 2700 kwa mita 100, au cha gramu 10 na zaidi chenye jouli 2000. Soma fungu la pili la sharti hilo polepole: ni mlango ambao 6.5x55 yenye kichwa kizito inapita wima. Wamarekani walishika .30-06 kwa sababu babu zao waliibeba vitani na bunduki za ziada zikauzwa kwa bei nafuu. Afrika Kusini ilibaki na .303 ya Waingereza, 7x57 ya Makaburu, kisha .308 ya jeshi lake, ikitengenezewa risasi nchini. Na kwa kuwa sheria yao ya 2000 humpa mwindaji wa kawaida leseni zisizozidi nne za silaha, mtu hutafuta risasi moja ya kazi nyingi, si saba za kazi saba. Ndiyo maana msimamizi alipouliza njia ya Kasumbalesa, alijibiwa .308 na .30-06. Alikuwa anasikia historia ya Afrika Kusini, si orodha ya duka.

Zilizobaki, 9.3x62 na .375, zinatofautishwa na robo ya milimita. Otto Bock wa Berlin aliitoa 9.3x62 mwaka 1905, ikitoshea Mauser 98 ya kawaida, bila mtambo mrefu wa bei ghali. Mkulima wa Kijerumani wa Afrika Mashariki au Kusini Magharibi, Namibia ya leo, aliweza kuinunua. .375 H&H ya London ya 1912 ilihitaji mtambo mkubwa, na ilikuwa bunduki ya mwenye mfuko. Baadaye nchi kadhaa za ukanda wetu ziliandika kwamba nyati na tembo hawapigwi chini ya .375, ambayo ni milimita 9.5. Milimita 9.3 ikabaki nje ya mlango. Namibia haipimi unene bali nguvu: jouli 1350 kwa wanyama wadogo kama swala, 2700 kwa wakubwa kama kudu na pofu, 5400 kwa nyati na tembo. Zimbabwe hupima vyote viwili, ikianzia milimita 9.2. Hivyo 9.3x62 ilibaki hai Namibia, walikobaki pia wajukuu wa walioileta, na mtu wa Namibia akaiuza kwetu kwa moyo mweupe.

Ukiniuliza risasi ya kawaida ya Kongo yenyewe, si yoyote kati ya hizi. Ni kaliba 12 ya marisau, vile vipira vidogo vingi ndani ya risasi moja. Katika vijiji vya bonde la Kongo bunduki ya mtutu mmoja ndiyo bunduki, na kiwanda cha risasi cha MACC cha Pointe-Noire, Kongo-Brazzaville, ng'ambo ya mto, kimelisha wawindaji wa ukanda mzima. Kiwanda karibu, bei ndogo, mnyama wa msituni anayepigwa kwa hatua ishirini au thelathini: mambo hayo matatu yamejenga mazoea ambayo hakuna tangazo lingeyajenga. Mzee alianzia hapo, na tabia yake ya kugeuza risasi aliipata kwa kutenganisha marisau madogo ya ndege na yale makubwa ya wanyama.

Kilichofanya kazi katika kisa hiki ni Mama kusimamisha kila kitu kabla hajajua la kufanya, na Mzee kuwa na uzito wa kusema "hapana" mbele ya bosi kijana. Katika mashamba mengi niliyoyatembelea, mfuatilia nyayo hasemi hivyo. Kilichofanya kazi pia ni kutazama njia ya risasi kabla ya kutazama nguvu yake.

Kilichoshindikana kwanza ni kuhesabu kwa kuchelewa. Risasi zilipaswa kuhesabiwa mwezi wa kumi na moja, mvua zinapoanza, ili karatasi zipate miezi yake. La pili ni ushauri wangu. Nilipenda namba mbili kwa sababu ni nadhifu, nikamnyamazisha kijana aliyetaja .30-06. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga swala. Alijua bega lake na alijua nyama. Namibia yenyewe, ambako 9.3 ilitoka, inatenganisha swala na pofu kwa jouli, nami nilizijua namba hizo siku ile chini ya mwembe. Sikuzitumia.

Maombi ya .30-06 moja yamekwishapelekwa, pamoja na risasi za misimu miwili. Kabatini sasa kuna ubao mdogo wenye maganda matupu yaliyopigiliwa misumari, moja kwa kila bunduki, kitako kikitazama nje. Nafasi ya tatu iko wazi. Kila kijana anayechukua boksi hulipeleka kwanza kwenye ubao, na Mzee husimama pembeni mpaka alinganishe herufi zote.